Sauti Nyuma ya Goli la Mashariki

Nilimwahidi Mama Felista kwamba kila mechi ya timu ya Manjano itakapomalizika nitampigia simu na kumweleza jinsi ilivyokwenda, kama nilivyoiona mimi, bila kuongeza wala kupunguza. Aliniomba ahadi hiyo kwenye lango la uwanja, siku aliporudishwa kwa mara ya kwanza kwa sababu kiingilio kipya kilimshinda. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la kazi, bendera zangu mbili zikiwa kwapani, na nilikubali upesi kama mtu aliyeombwa maji ya kunywa. Ahadi ile niliitimiza katika mechi zote isipokuwa moja. Ninaandika kwa ajili ya hiyo moja, na ninawaandikia ninyi mtakaoyavaa makoti hayo baada yangu.

Nimestaafu, na mniwie radhi kwa neno hilo. Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, na mama yangu amekataa katakata kulitamka. Kwake yeye nimeacha kazi, basi. Lakini nimeitumikia ligi hii misimu saba, siku za wiki ofisini nikipanga ratiba, Ijumaa uwanjani nikisimama golini, na kazi hiyo sitaifanya tena. Sijui neno jingine linalofaa.

Kwa asiyeujua mpira wa Kigaeli, nitaeleza kwa kifupi. Uliletwa hapa Maskati na walimu na wahandisi kutoka Ayalandi, nasi wenyeji na wageni wengine tukaupokea. Mchezaji hutumia mikono na miguu. Goli lina nguzo mbili ndefu na mwamba unaozikata katikati. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, nalo ni sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya nguzo, ni pointi moja. Nyuma ya kila goli husimama waamuzi wawili, kila mmoja na nguzo yake. Bendera ya kijani ni ya goli, nyeupe ni ya pointi. Mpira ukitoka nje, mwamuzi hupunga mikono juu ya kichwa. Hiyo ndiyo kazi yote, na chuoni, nilikosoma usimamizi wa michezo kwa miaka minne, tuliisoma katika nusu ukurasa.

Nusu nyingine nilifundishwa na Maalim Nassor. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mzaliwa wa Unguja, aliyejifunza uamuzi kwa wahandisi wa kwanza waliouleta mchezo huu. Siku yangu ya kwanza alinivisha koti lililonifika magotini.

"Hili limekushinda urefu, lakini usijali," alisema. "Kunja mikono. Mtu hatazami koti, hutazama bendera."

Koti lilinukia ubani. Mkewe aliyafukiza makoti yote kila Alkhamisi, hata wachezaji wakawa wanatania kwamba wakifika golini kwetu wanajisikia kutia udhu. Maalim alinifundisha kuzikunjua bendera kabla ya mechi ili zisigandamane kwa joto. Alinifundisha kushika nyeupe mkono wa kulia na kijani wa kushoto, na kamwe nisizishike zote mkono mmoja, kwa sababu kwenye jua la Maskati mkono huinua kilicho karibu. Alinifundisha kufunga kitambaa chenye maji shingoni. Kisha akanipeleka kwenye goli la mashariki.

Uwanja wetu umelala mashariki kwa magharibi, kosa ambalo hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Mechi huanza baada ya swala ya Alasiri. Mwamuzi wa goli la mashariki hulitazama jua ana kwa ana, na mpira uliopigwa juu kuliko ncha ya nguzo huingia ndani ya mwanga na kupotea. Sheria inakutaka uamue kana kwamba nguzo inaendelea hadi mbinguni. Jua halina habari na sheria.

"Hapa macho hayatoshi," Maalim aliniambia. "Nyuma yako pana jukwaa dogo lenye paa. Waliokaa pale wamo kivulini, wanauona mpira wote. Lakini kila mmoja anapiga kelele kwa timu yake. Basi umtafute mtu mmoja asiyeweza kusema uwongo. Mmoja tu, nnakwambia. Na ukimpata, msikilize, kisha geuka umtazame. Sauti bila uso usiipokee."

"Na nikikosa muda wa kugeuka, Maalim?"

"Mchezo utakungoja. Bendera ikishapanda haishuki."

Nilimpata mtu wangu katika msimu huohuo wa kwanza. Mama Felista alitoka Moshi, na alifanya kazi za ndani kwa mwalimu mmoja wa Kiayalandi katika mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Alianza kuja uwanjani kwa kuwasindikiza watoto wa bosi wake; watoto walipochoka na mchezo, yeye akabaki. Alikaa safu ya tatu, kiti cha nne, skafu ya manjano shingoni hata kwenye joto. Manjano ilikuwa timu ya madereva, wapishi wa mahoteli na vijana wa kijiji cha Qantab. Aliipenda kupita kiasi.

Siku moja mchezaji wa Wekundu, waliokuwa wakicheza na Manjano, alipiga mpira uliopita juu sana ya nguzo yangu. Niliuona ukiingia kwenye jua, sikuuona ukitoka. Jukwaa zima likapiga kelele: "Nje! Nje huo!" Kisha nikasikia sauti moja, iliyochoka, kama ya mtu anayekiri kwamba ndiye aliyevunja sahani.

"Umeingia huo, mwanangu. Inua."

Niligeuka. Alikuwa amesimama, macho yake yakiwa kwangu, naye akatikisa kichwa kukubali. Niliinua nyeupe. Watu wakamgeukia.

"Wewe mama, uko upande gani?"

"Niko upande wa Manjano," alijibu akikaa. "Macho yangu ndiyo hayana timu."

"Basi yavishe skafu na hayo macho!"

Walimtukana hadi mapumziko, kisha wakampa kahawa. Jukwaa lile lilikuwa hivyo. Tangu siku hiyo, kila mpira wa juu ulipokuja, niligeuka, naye akatikisa kichwa au akaniangalia tu, na sikuwahi kukosea. Maalim Nassor alipoona mambo yamekaa sawa, akaniachia koti lake na kwenda kulea wajukuu.

Misimu mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri. Sitaisimulia sana, maana furaha ya uwanjani haina mafunzo mengi. Kisha Wekundu wakapata mfadhili. Wakaanza kuleta wachezaji moja kwa moja kutoka Ayalandi, vijana waliokuwa wamecheza kwenye majimbo yao, wakapewa kazi na nyumba, na wakaja kucheza dhidi ya mpishi aliyetoka zamu asubuhi. Mechi zikawa zinaamuliwa kabla ya mapumziko. Bibi mmoja wa Kimanga, mzaliwa wa Pemba, aliyekuja kila Ijumaa na chupa yake ya kahawa, aliniaga akipita nyuma ya goli langu, mechi ikiwa bado inaendelea.

"Bibi, mbona mapema?"

"Mwanangu, mimi nnakuja kuangalia mchezo. Hii ni harusi ya watu wengine, na wala hawakunialika."

Katika msimu huohuo uongozi ulipandisha kiingilio, kwa hoja kwamba kiwango cha mchezo kimepanda. Mtu alitozwa zaidi ili aione timu yake ikidhalilishwa na wataalamu. Kwa mtu wa ofisini ilikuwa kero. Kwa mtu wa kazi za ndani ambaye Ijumaa alasiri ndiyo mapumziko yake pekee, ilikuwa ni kuchagua kati ya mpira na kupiga simu nyumbani. Mama Felista na madereva wawili waliandika barua kwa lugha ya heshima kuuliza kama jukwaa dogo lisingeweza kubaki kwa bei ya zamani. Niliipeleka mimi mwenyewe. Wakajibiwa kwa fomu iliyowataka wapime kuridhika kwao kwa nyota, kuanzia moja hadi tano.

Hapo ndipo aliponiomba ahadi pale langoni.

"Usinidanganye kunifurahisha," alisema. "Wakifungwa, niambie wamefungwa. Wakionewa, niambie wameonewa. Mimi nitalia huku nikipiga pasi, hakuna atakayejua."

Majukwaa yalianza kukauka. Sijui neno bora. Kwanza zikatoka familia, kisha madereva, kisha wale wanaokuja kwa mazoea tu. Ikafika Ijumaa nikasimama nyuma ya goli na kusikia pumzi za wachezaji. Milima ya mawe iliyo nyuma ya uwanja, ambayo zamani ilirudisha kelele zetu, sasa ilirudisha filimbi ya refa peke yake, nayo ilichelewa kidogo, kana kwamba kulikuwa na mechi nyingine ng'ambo ya mlima yenye refa mwingine.

Mechi zilikuwa zikionyeshwa mtandaoni, na mfadhili hakupenda ukimya. Uongozi ukafunga spika. Fundi wa sauti alikaa ndani ya kontena lenye dirisha kando ya katikati ya uwanja, na kila mpira ulipokaribia goli alibonyeza kitufe, umati ukalipuka. Sauti zilichukuliwa kwenye video zetu wenyewe za misimu ya nyuma. Siku ya kwanza, kipa wa Manjano, Said wa Qantab, aliposikia shangwe nyuma yake aligeuka na kuinua mkono kusalimia. Aliviona viti vitupu. Akaushusha mkono polepole na kuufuta kwenye kaptula, kama aliyegusa kitu.

Mimi niliizoea rekodi ile hadi nikaijua kwa moyo. Mtoto analia. Kifuniko cha chupa ya kahawa kinaanguka. Mtu anakohoa mara mbili. Kisha shangwe. Nilimtambua hata aliyekohoa. Alikuwa dereva wa basi la shule, na alikwisha rudi kwao Tanga. Kila Ijumaa alikohoa nyuma yangu mara thelathini au zaidi. Niliwasimulia wenzangu ofisini, wakacheka, nami nikacheka nao.

Mwishoni mwa msimu ule uongozi ulitangaza kwamba timu itakayokuwa ya mwisho itaondolewa kwenye ligi, ili kuinua kiwango. Manjano walihitaji sare tu katika mechi yao ya mwisho, dhidi ya Wekundu. Hakuna aliyewapa nafasi. Lakini walicheza siku hiyo kama watu wanaofukuzwa nyumbani kwao, na ilipobaki dakika moja walikuwa sawa kwa pointi. Viti vya jukwaa dogo, kama kawaida, vilikuwa vitupu tulipoanza. Baada ya hapo sikuvitazama tena.

Mpira ulipigwa na mshambuliaji wa Wekundu kutoka mbali. Ulipanda juu ya nguzo yangu. Uliingia kwenye jua.

Nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa, pale pale pa siku zote: "Umeingia huo, mwanangu. Inua."

Nitawaeleza nilichohisi, kwa sababu kosa lote limo humo. Nilihisi furaha. Hapakuwa na mtoto aliyelia, hapakuwa na kifuniko wala kikohozi, hivyo rekodi haikunijia akilini hata kidogo. Nilidhani amerudi. Nilidhani bosi wake amemlipia, au mlinzi amemwonea huruma, na kwamba amefika dakika ya mwisho na bado anasema kweli hata inapomuumiza. Niliona aibu kumgeukia na kumtaka athibitishe, kana kwamba ningekuwa nimemshuku. Mkono wangu wa kulia ulipanda.

Mwenzangu wa nguzo ya pili aliniachia, kwa kuwa mpira ulikuwa upande wangu. Refa alinitazama kutoka mbali, akagusa jicho lake kwa kidole, kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Said alikuja hadi karibu nami.

"Kaka, umeuona?"

"Nimeuona," nilisema.

Alinitazama kwa muda, akarudi golini. Filimbi ya mwisho ikalia, kisha ikalia tena mlimani.

Nilipanda jukwaani kumsalimia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: shikamoo, mama, pole sana. Safu ya tatu haikuwa na mtu. Kiti cha nne kilikuwa na vumbi lililolala sawasawa, vumbi letu la hapa, jepesi kama unga, na halikuwa na alama ya mkono wala ya nguo. Chini ya kiti kulikuwa na spika ndogo mpya iliyofungwa kwa waya. Nilikuwa nimeinama kuitazama iliposema, usoni pangu: "Umeingia huo, mwanangu. Inua."

Fundi alikuwa akijaribu vifaa vyake kabla ya kuvifunga. Aliipiga mara ya pili. Alipoipiga mara ya tatu niligundua kwamba nimesimama wima, na mkono wangu wa kulia umenyooka juu, ukiwa na bendera.

Baadaye fundi aliniambia kwa fahari kwamba rekodi ya zamani ilikuwa imechosha, akatafuta nyingine kwenye video za nyuma, na akaipenda hiyo kwa sababu ilikuwa na mtu halisi ndani yake. Spika ndogo aliiweka pale ili mtazamaji wa mtandaoni ahisi amekaa jukwaani.

Katika ligi yetu kila mwamuzi wa goli hutia saini kadi ya refa kabla matokeo hayajathibitishwa. Meza ilikuwa chini ya turubai, na kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi. Kabla ya saini, kosa linaweza kusemwa. Baada ya saini, halisemeki. Nilikuwa tayari ninajua. Nilijiambia kwamba huenda mpira uliingia kweli, na hadi leo sijui kama uliingia. Nilijiambia kwamba nitachekwa: mwamuzi mwenye shahada aliyeongozwa na kiti kitupu. Nikatia saini kwa mwandiko mzuri.

Kisha nikampigia Mama Felista, kama nilivyoahidi.

"Wamefungwa, mama. Kwa pointi moja, dakika ya mwisho."

Nilisikia pasi ikipumua mvuke.

"Ya haki?"

"Ya haki."

"Basi," alisema. "Kama ni ya haki, basi. Mungu akubariki kwa kuniambia ukweli."

Manjano waliondolewa. Nilibaki golini misimu miwili zaidi, nikawa mwangalifu kuliko waamuzi wote, jambo lisilomsaidia mtu. Sauti ile iliendelea kupigwa kila Ijumaa. Nyingine zote niliweza kuzizoea. Hiyo, kila iliposema inua, bega langu la kulia lilishtuka, na niliona mwenzangu wa nguzo ya pili akinitazama. Siku moja umeme ulikatika, spika zote zikazima, na mpira wa juu ulipokuja niliisikia vilevile. Nilizivingirisha bendera siku hiyo na kuandika barua ya kuacha.

Kabla ya kuikabidhi nilimfuata Mama Felista huko Madinat Sultan Qaboos. Tulikaa kwenye benchi mbele ya maduka, kila mmoja na gilasi yake ya karaki, chai nzito ya maziwa na iliki, nikamwambia yote kwa mpangilio, pamoja na saini. Hakunikatiza. Nilipomaliza alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Kumbe mimi ndiye niliyewafunga Manjano?"

"Mimi ndiye, mama. Sikugeuka."

"Hayo maneno niliyasema lini?"

"Msimu wa kwanza. Siku ile waliyokutukana."

Alifikiri, akizungusha gilasi. "Siku ile nilisema kweli."

"Ulisema kweli."

"Basi wameichukua kweli yangu, wameiweka mahali si pake." Kisha akauliza, kwa ukali wa mama sasa, "Na Said? Umemwambia?"

"Bado."

"Hiyo chai malizia njiani."

Nilikwenda Qantab siku hiyohiyo. Said alinisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mlangoni kwao, akaniuliza swali moja tu: kama pangekuwa kimya, ningeinua? Nikamjibu kwamba nisingeinua. Aliitikia kwa kichwa, akanikaribisha kahawa, na hatukuuzungumzia mpira tena. Niliuandikia uongozi maelezo kamili, nikiomba Manjano warudishwe na sauti ya Mama Felista ifutwe. Nimeletewa fomu ya nyota.

Kwa hiyo rekodi ile bado iko ndani ya kontena, na mtaisikia. Makoti nimeyaacha kabatini, yamefuliwa. Bendera ni mpya. Ninaomba jambo moja. Mtakapokuwa goli la mashariki, jua liko machoni, na sauti ya mwanamke ikawaambia kwa upole kwamba mpira umeingia, geukeni kwanza mtazame safu ya tatu, kiti cha nne. Kama hakuna mtu, msiinue.